Pauni Mia Tatu na Ishirini na Tisa

Watu wa mtaani kwetu Barking wakipata barua ya serikali au ya benki huniletea mimi. Si kwamba nimesoma sana. Ninaandaa mishahara ya wafanyakazi katika gereji moja ya mabasi, na nina hesabu za haraka kichwani, basi. Wakongomani wa hapa mtaani wakanibatiza Kontabu, yaani mhasibu, na jina la Telesphor nililopewa na padri kule Bukoba likabaki kwenye pasipoti. Nilipenda kuitwa Kontabu. Nilipenda mno, na nasema hivyo mapema ili ujue anayekusimulia ni mtu wa namna gani.

Habari yenyewe ni ya Sidonie, mke wa rafiki yangu Norbert. Nikisema mke najua ninachosema, na utaona kwa nini nasisitiza.

Sidonie ni mwanamke mfupi, mwenye sauti ndogo, aliyezaliwa Uvira, kule Kongo, miaka hamsini na mitatu iliyopita. Anafua nguo katika nyumba moja ya kutunzia wazee. Chumba chake cha kazi kiko chini kabisa, hakina dirisha, kina mashine nne na meza moja ndefu, na humo hupita mashuka, taulo na nguo za kulalia za wazee arobaini na wawili. Kila nguo imeshonewa jina la mwenyewe shingoni. Anajua nani amekonda kwa kuangalia shati, na jina likikoma kuja kwenye kapu anajua bila kuambiwa kwamba kitanda kimepata mtu mwingine. Haongei sana juu ya hayo. Ni mtu wa kuwasikiliza wengine mpaka wamalize, kisha anauliza swali moja, na mara nyingi watu wanakuwa wameshainuka.

Norbert alikuwa kinyume chake. Alikuwa mrefu, mcheshi, mpenda viatu vya kung'aa, ingawa kazi yake pale gerejini kwetu ilikuwa kusafisha mabasi. Alifika nchi hii akiwa amefiwa na mke wake wa kwanza, na mtoto wao wa kiume, Gires, alilelewa na shangazi yake huko Leicester. Alikutana na Sidonie mwaka 2011 dukani, wakigombea mfuko wa mwisho wa ndagala, dagaa wa kwao. Norbert aliuachia mfuko akamfuata mwenye mfuko, na hiyo hadithi aliisimulia kila alipopata wasikilizaji wapya.

Mahari ililipwa kwa simu. Nilikuwepo. Upande wa Uvira waliketi kaka zake Norbert na wajomba zake Sidonie. Upande wa Barking tuliketi watu kumi na wanne kwenye sebule ya viti sita, simu imewekwa juu ya kopo la maziwa ili sauti isikike. Ng'ombe waligeuzwa kuwa dola, wakabishaniwa kwa saa mbili, mtandao ukakatika mara tatu. Mjomba mkubwa aliposema wamepokea, kina mama wakapiga vigelegele mpaka jirani akagonga ukuta. Sidonie alihamia kwa Norbert siku hiyohiyo na masanduku yake mawili. Tangu hapo kwangu alikuwa shemeji, na sijawahi kumwita vingine.

Yalibaki mambo mawili, kusaini ndoa katika ofisi ya serikali, ambayo wao huiita komini, na kubarikiwa kanisani. Hapa ndipo penye desturi ambayo mimi kama mgeni sikuielewa nikaamua kuinyamazia. Kwa watu wa kanisa lao mambo hayo mawili hufanywa siku moja, na siku hiyo lazima kuwe na feti. Feti si chai na sambusa. Ni ukumbi wa watu mia tatu, ni vitenge vya sare, ni wageni kutoka Brussels na Lyon ambao nawe uliwahi kula kwao. Kwenda komini kimyakimya siku ya Jumanne, ukarudi nyumbani kula wali, hayo ni mambo ya watu waliofumaniwa. Basi watu wanakaa pamoja miaka nenda rudi, wameshalipiana mahari, wanauguzana, wanaweka akiba ya feti, na mpaka feti ipatikane mwanamke hashiriki meza ya Bwana. Ada ya komini yenyewe niliwahi kuiulizia. Haikufika pauni mia mbili.

Feti yao waliikadiria pauni elfu ishirini. Kila mwezi, mshahara wake ukiingia, Sidonie alimpelekea Norbert pauni sitini. Alifanya hivyo miaka kumi na moja. Nilikuja kuzijumlisha baadaye, nikapata elfu saba mia tisa na ishirini. Norbert aliongeza za kwake, ukiondoa zile ambazo Uvira ilizila kwa ada za shule na mabati. Ilipofika Juni 2023 kwenye akaunti ya Norbert kulikuwa na elfu kumi na nne na mia mbili, na zilikuwa zimelala tu, haziingizi hata pesa ya soda.

Mwaka ule riba zilikuwa zimepanda na kila benki ilikuwa ikijinadi. Jumamosi moja mchana Norbert aliniita kwao. Sidonie alitupakulia ugali wa muhogo na sombe, kisamvu cha kwao, na tulipokwisha kunawa Norbert akaweka mezani karatasi mbili.

Ya kwanza ilikuwa ya akiba isiyokatwa kodi, aisa kama watu wanavyoitamka. Unafunga pesa zako miaka miwili, unalipwa asilimia nne na nusu kila mwaka. Ya pili ilikuwa ya akaunti ya kawaida ya matumizi, ile ambayo mshahara unaingia na umeme unalipwa. Hii ilitangaza asilimia tano kwa herufi kubwa, na ilikubali majina mawili.

"Kontabu, tano iko mingi kupita ine na nusu," Norbert alisema. "Ao benki inanichezea?"

Nilifurahi. Hayo ndiyo maswali niliyokuwa nikiyaishi. Nilimwonyesha maandishi madogo. Asilimia tano ilikuwa kwa pauni elfu moja na mia tano za kwanza tu, mshahara uingie kila mwezi bila kukosa, na baada ya mwaka mmoja raha imekwisha. Nikaandika nyuma ya bahasha: huku pauni sabini na tano, kule pauni mia sita thelathini na tisa kwa mwaka wa kwanza pekee. Hapakuwa na mashindano.

Lile neno la bila kodi halikuwa na maana yoyote kwao, na hilo nililijua. Mtu wa mshahara kama wao haulizwi kodi ya riba mpaka riba ipite pauni elfu moja kwa mwaka. Ilikuwepo hata akaunti ya tatu, ya kufunga miaka miwili vilevile, riba ileile, majina mawili ruksa. Niliiona kwa macho yangu kwenye tovuti ya benki hiyohiyo. Lakini Norbert alikuwa ameshalipenda neno. Kule Uvira alikuwa na kibanda cha rangi na misumari sokoni, na watoza ushuru walimjia wa manispaa asubuhi, wa mkoa mchana, na wengine wasio na kitambulisho jioni.

"Taksi ilikula biashara yangu," alisema, akimaanisha kodi, "kidogo kidogo, mpaka nikabakia na kopo mbili za rangi. Hii inasema bila taksi. Miye nachukua hii."

"Sawa, chukua hiyo," nikamwambia, nikaanza kuvaa koti.

Hapo ndipo Sidonie, aliyekuwa akikusanya sahani, akauliza. "Na miye jina yangu itaandikwa wapi?"

"Aisa ni ya mtu mmoja, shemeji. Ndiyo sheria yao, haina majina mawili."

"Tukate katikati, basi. Kila mutu na yake."

"Tugawe franga mbele ya ndoa?" Norbert akasema; franga kwao ndiyo pesa. "Batu batasema nini? Jina yako iko ndani ya moyo yangu, Mama."

Tulicheka, na Sidonie alicheka pia. Kumweleza ile akaunti ya tatu kungenichukua dakika tano. Sikumweleza. Nilikuwa nimeshatoa jibu, jibu lilikuwa sahihi kwa hesabu, na nilikuwa na haraka ya kwenda kutazama mpira. Nimejaribu kutafuta sababu nyingine yenye heshima kidogo kuliko hiyo. Haipo.

Februari 2025 Norbert alianza kubakiza chakula. Machi wakamwambia ni saratani ya ini. Madaktari walimpa miezi, mchungaji akampa uponyaji, na Norbert akachagua mchungaji. Simlaumu. Ningekuwa mimi na mtu ananiambia utapona, na mwingine ananionyesha picha ya ini langu, najua ningemsikiliza nani.

Katikati ya Aprili fundi mmoja wa gerejini alifariki ghafla, na kazi ya kuandaa malipo yake ya mwisho ikaniangukia. Mwanamke aliyeishi naye miaka tisa alipiga simu kuuliza. Nikapeleka suala lake kwa wakubwa, nao wakanijibu kwamba hawakuwa wamefunga ndoa, hakuna wosia, kwa hiyo malipo ni ya mama yake. Nilisoma jibu lile mara mbili. Nilikuwa nimekaa miaka miwili nikijisifu kwa ile bahasha, na sikuwahi hata siku moja kujiuliza Norbert akifa pesa zitakwenda wapi. Zingekwenda kwa Gires, zote, na zile sitini sitini za Sidonie zikiwa ndani yake.

Alhamisi ile niliomba ruhusa nikaenda kwao mchana. Norbert alikuwa sebuleni amefunikwa blanketi, macho yamegeuka manjano, viatu vyake vimepangwa safi chini ya televisheni. Sidonie alikuwa anapiga pasi. Niliwaeleza yote bila kuzunguka. Nikasema ziko njia tatu, na yoyote kati ya hizo inatosha. Waende komini wiki hii, au karani aje hapa nyumbani, maana kwa mgonjwa hukubali kuja. Au aandike wosia, ukurasa mmoja, mashahidi wawili. Au avunje ile aisa leo kwa simu, pesa zihamie kwa Sidonie, na mambo yaishe.

"Komini bila sali, bila batu, miye niko na blanketi?" Norbert alisema; sali kwao ni ukumbi. "Ile ni ndoa, ao ni kusaini karatasi ya umeme? Hapana. Nitamuoa Sidonie nikisimama."

"Wosia basi."

"Kanisa mzima inaniombea nipone, weye unataka niandike kama nitakufa. Mungu atasoma karatasi gani, Kontabu? Yako ao yao?"

Nikabaki na njia ya tatu. "Kuvunja nako kuna adhabu yake?" aliniuliza, na mimi mjinga, kwa kuwa kila swali la hesabu ni lazima nilijibu, nikafungua simu nikapiga hesabu palepale. Adhabu ilikuwa riba ya siku mia na themanini. Pauni mia tatu na ishirini na tisa.

Norbert akainuka kidogo kwenye kiti. "Inafunguka lini yenyewe?"

"Tarehe kumi na mbili Juni."

Akahesabu kwa vidole. "Imebakia wiki nane. Wiki nane tu! Niachie benki mia tatu na ishirini na tisa juu ya nini? Ile ni nyama ya feti. Tarehe kumi na mbili nabeba yote, Agosti tunalipa sali."

"Baba Gires," Sidonie akasema, pasi ikiwa bado mkononi. "Bakate tu. Haina neno."

Norbert alimgeukia, na nilikuwa sijawahi kumwona akimtazama hivyo.

"Na weye unaona nitakufa?"

Kuomba pesa zile zitolewe leo kulikuwa ni kumwambia mumewe usoni kwamba Juni hataiona. Sidonie aliiweka pasi wima, akakunja shati la Norbert, akaenda nalo chumbani. Mimi ningeweza kusema ndiyo, ndugu yangu, utakufa, na mke wako atabaki mikono mitupu. Sikusema. Nilimtakia nafuu nikaondoka, na wiki zote zilizofuata nilipomtembelea tuliongea habari za mpira na bei ya kumbi.

Norbert alifariki hospitalini Jumamosi tarehe thelathini na moja Mei, saa nne asubuhi, Sidonie akiwa amemshika mguu kwa kuwa mikono ilikuwa na mipira ya dripu. Zilibaki siku kumi na mbili.

Matanga yalikuwa makubwa. Walikuja watu wa Leicester, walikuja watu wa Brussels, ukumbi ukajaa. Kina mama walimvisha Sidonie kitenge cha mjane wakamkalisha mbele, na hakuna aliyeuliza cheti. Kule mbele ya watu alikuwa mke wa Norbert kama alivyokuwa siku zote.

Mwishoni mwa Juni nilimsindikiza benki. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani na amebeba mfuko wa plastiki wenye kila alichonacho: barua ya mchungaji, picha za siku ya mahari, karatasi iliyotumwa na wajomba yenye alama za vidole gumba, na taarifa za benki za miaka yote zikionyesha zile sitini. Karani alikuwa binti mpole, alimletea maji. Akazipitia karatasi zote moja moja bila kuharakisha. Kisha akauliza kama kuna cheti cha ndoa.

"Mwambie mahari ililipwa," Sidonie aliniambia. "Mwambie ulikuwepo."

Nilimwambia. Binti akasema anasikitika sana. Akauliza kama kuna wosia, kisha akauliza kama marehemu aliacha mtoto. Sidonie mwenyewe ndiye aliyetaja jina la Gires, akaandika na namba yake ya simu kwa mwandiko wake wa taratibu.

Nilimpeleka pia kwa mwanasheria wa bure anayekaa maktaba. Yule alisema mtu aliyeishi na marehemu kama mke kwa zaidi ya miaka miwili anaweza kwenda mahakamani kudai sehemu, na kwamba hati za benki zingemsaidia. Nikapata matumaini, nikaanza kupanga tarehe. Sidonie aliniacha nimalize.

"Niende kumushitaki mutoto wa Norbert?" akasema. "Batu batauliza, huyu ni mama gani?" Akazirudisha karatasi kwenye mfuko, akaufunga.

Gires alikuja Agosti. Ana miaka ishirini na saba, anafanya kazi kwenye bohari la nguo, na amerithi urefu wa baba yake pasipo ule ucheshi. Si mtu mbaya. Alimkumbatia Sidonie mlangoni akamwita tantine, jina ambalo Wakongomani humwita shangazi, na rafiki wa mama, na mwanamke yeyote mtu mzima anayestahili adabu. Alikuwa akimwita hivyo tangu utotoni na hakuna aliyemsahihisha. Simu yake haikuacha kuita. Baba zake wakubwa wa Uvira, ambao hajawahi kuwaona ana kwa ana, walikuwa wakimpigia kila siku kumkumbusha nyumba ya baba yake isiyo na paa na franga ya ndugu yao.

"They're my dad's brothers, Kontabu," aliniambia. "Nitasema nini? I can't say no to them."

Alikuwa na barua ya benki mfukoni na hakuielewa vizuri, basi akanipa niisome pale jikoni mbele ya Sidonie. Nikaisoma nikiwatafsiria. Jumla ni pauni elfu kumi na tano mia tano na sita. Riba imelipwa yote. Kwa kuwa mwenye akaunti amefariki, adhabu ya kufungua kabla ya tarehe haikutozwa.

"Soma pale tena," Sidonie akasema.

Nikasoma tena.

"Ile mia tatu na ishirini na tisa. Habakukata?"

"Hawakukata, shemeji."

"Hata moja?"

"Hata moja."

"Basi Baba Gires alibashinda," akasema, akacheka kidogo, kicheko cha puani. Kisha akavuta aproni mpaka usoni akalia kwa sauti. Sikuwahi kumsikia Sidonie akilia kwa sauti, hata makaburini. Gires alisimama akimpapasa bega asijue la kufanya. Mimi nilitoka nikasimama kwenye korido na ile barua, na nilijichukia. Ningekuwa nimemdanganya Norbert siku ile, nikasema adhabu ni pauni kumi, angeivunja aisa palepale na pesa zingekuwa za mkewe. Lakini mimi nilimpa tarakimu kamili.

Septemba Gires aligawa. Elfu mbili mia tisa zilimaliza deni la mazishi. Elfu saba zilikwenda Uvira kwa baba wakubwa, elfu moja kwa shangazi aliyemlea. Akabaki na elfu moja na mia sita, ambazo alisema ni za jiwe la kaburi, na ninaamini ni kweli. Elfu tatu alimtumia Sidonie.

Sidonie aliniita Jumamosi kabla hajaenda kazini. Zamu yake ilikuwa inaanza saa nane mchana, alikuwa ameshavaa sare. Alisema kuna pesa imeingia kwenye simu na kuna maneno chini yake ambayo hayaelewi vizuri. Nikavaa miwani. Palikuwa na jina la Gires, palikuwa na elfu tatu, na kwenye ile nafasi ndogo ya kueleza pesa ni za nini alikuwa ameandika maneno manne ya Kiingereza. Nilifikiri kumdanganya. Nikamwambia kama yalivyo.

"Inasema, kwa kumtunza baba."

Sidonie alichukua simu akaitazama muda mrefu.

"Kule kwetu kazini kuko batu banatunza bazee," alisema. "Carers. Nabajua bote. Ni batu bazuri. Banalipwa kwa saa."

"Shemeji, Gires hakuwa na nia mbaya. Ni kijana, hajui aandike nini."

"Najua. Ni mutoto muzuri."

"Unataka tuirudishe?"

"Kodi ya nyumba ni tarehe moja, Kontabu. Nitairudisha na nini?"

Akaiweka simu mezani, akafunga vifungo vya sare yake kuanzia chini kwenda juu. Alipofika cha mwisho aliniuliza, kwa sauti ileile ndogo, bila hasira, kama mtu anayetaka kweli kujua.

"Miye nilikaa naye miaka kumi na mine. Muchana na usiku. Elfu tatu. Weye unajua hesabu. Ni ngapi kwa saa?"

Jibu lilinijia kabla hajafunga mdomo. Peni mbili na kidogo. Nilimwambia sijui, na aliniangalia akijua kwamba najua.